Modesti Kwenye Benchi la Wageni

Basi la wageni wa kwanza wa msimu lilipoingia stendi ya Sumbawanga, wachezaji walikataa kushuka. Walitaka kuvalia jezi humohumo ndani, kisha waingie uwanjani kwa kuruka ukuta, maana geti hawaliamini. Mmoja alitoa kichwa dirishani akitafuta radi kwenye anga lisilo na wingu hata la kusingizia.

Modesti, aliyekuwa amekaa pale bila shughuli, akaiona ajira yake.

Sifa ya uchawi ya mji huu ilifika nchi nzima kabla ya lami kutufikia sisi. Ukiwa ugenini, taja kwenu tu, watu wanakupisha kwenye foleni. Modesti mwenyewe aliimba besi kwenye kwaya ya parokia na hakujua hata dawa ya chawa, lakini sura ya huzuni alikuwa nayo.

"Shikamoo mzee," alimwambia meneja wa wageni. "Nasikitika mmekuja bila kinga."

"Kinga gani?"

"Ndiyo maana nasikitika."

Kinga ilikuwa maji ya bomba la mama yake, yamekorogwa na unga wa ulezi. Wachezaji walinawa, wakapita getini vifua mbele, wakaichapa timu yetu, Nyota ya Pito, bila huruma. Habari zikasambaa. Kila timu iliyopanda Ufipa ilimtafuta Modesti kwanza, hoteli baadaye. Akanunua koti la suti. Mtaani wakaanza kumsalimia kwa mbali.

Aliyemzindua ni mdogo wake, Calvin, golikipa wa Pito.

"Kaka, wageni wa mwaka jana walikuja wanatetemeka, pasi wanampa refa," alisema siku moja wakila ugali. "Wa mwaka huu wanakuja wananukia ulezi, wanacheza kama wako sebuleni kwao."

Modesti akaacha kutafuna. Pito haikuwahi kuwa na mshambuliaji wa maana. Ilikuwa na woga wa wageni tu, na huo yeye alikuwa ameuuza msimu mzima, chupa kwa chupa.

Ikabaki mechi moja. Sare ingewabakiza Daraja la Pili. Wakishuka, mama alishasema: Calvin aende Wampembe kwa mjomba Timoth, akavue dagaa ziwani. Calvin, ambaye huoga kwa kikombe kwa sababu beseni linamtisha. Modesti ndiye aliyemfundisha kudaka, kwa kumrushia maboga shambani. Hakulala vizuri.

Wageni wa mwisho walikuwa Chapakazi FC, kutoka Kahama. Meneja wao, Minza, alikuwa mama mtulivu mwenye miwani na sweta, maana baridi ya kwetu alishaisikia. Safari hii Modesti alikuja kutisha, si kuuza.

"Shikamoo mama. Kinga ya mwaka huu imegoma. Kama mimi ningekuwa nyinyi, ningepakia mizigo."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi." Minza akatoa bahasha nene, akaiweka mapajani. "Basi dawa tuache. Kwetu fundi anakaa na wagonjwa wake. Vaa jezi yetu, ukae benchi letu. Radi ikija, itupate wote."

Modesti alikuja na jibu la hapana. Lakini mkono wake, ambao siku zote ulikuwa na akili yake peke yake, ulishaifikia bahasha. Akajiambia: maji yenyewe ni ya bomba, kukaa benchi kutamdhuru nani?

Alipotokea uwanjani na jezi ya Chapakazi, ndani ya koti la suti, mashabiki wa Pito walinyamaza kama kwenye mazishi ya mtu tajiri. Wachezaji wa Pito wakaanza kukwepa mpira. Woga ulikuwa umerudi uwanjani, ila umekosea upande.

Hata hivyo dakika zilikatika bila bao. Calvin alidaka kila kitu, jicho moja kwenye mpira, jingine kwa kaka yake.

"Mdogo wako yule?" Minza aliuliza. "Anahangaika, maskini. Mpungie mkono apate moyo."

Modesti, ambaye mwaka mzima hakufanya jambo moja la upendo bila malipo, akasimama, akanyoosha mkono juu.

Calvin akaganda. Mpira ulipigwa kwa mbali, dhaifu, ukapita kando yake mpaka wavuni, taratibu kama bibi anayewahi misa ya pili. Filimbi ya mwisho ikalia.

"Asante, fundi," alisema Minza. "Jezi ni mali ya klabu."

Modesti akaivua palepale, akabaki na koti juu ya kifua kitupu, upepo wa Ufipa ukimpitia vifungoni. Njiani akafungua bahasha. Ndani kulikuwa na unga wa ulezi, kama ule aliowakorogea wageni wa kwanza. Kumbe mameneja hupigiana simu.

Nyumbani alimkuta Calvin ameshafunga begi. Akachota maji kwenye ndoo, akampa.

"Kunywa, mdogo wangu. Ni maji tu. Siku zote yalikuwa maji tu."

"Kunywa wewe kwanza."

Modesti akanywa kikombe chote. Calvin akamkagua toka miguuni mpaka kichwani, akasubiri, hakuona badiliko. Mwishowe akasogea karibu, akashusha sauti ili mama asisikie.

"Sawa, kaka. Na dawa ya kuogelea unayo?"