Rangi Nyekundu Kinywani mwa Maame Kwansima

Alhamisi, 6 Juni
Balaa! Mkaguzi anakuja hapa Swedru Jumatatu. Atachungulia vinywa vya wagonjwa wetu, mmoja mmoja. Mhudumu ambaye wagonjwa wake ni wachafu atahamishiwa ng'ambo ya mto. Huko umeme hakuna. Nyoka wapo.

Wagonjwa wa Araba, mwenzangu wa kliniki ya meno, meno yanang'aa. Yeye hukaa nao, huwaongoza mkono, huwaonyesha mswaki uanzie wapi kwenye fizi. Nusu saa kwa mtu mmoja! Wangu nimewahubiria miaka mitatu. Huitikia, "Ndiyo, tabibu," kisha hurudi na ugaga mgumu kama saruji.

Nimepata dawa yao. Ile rangi ya kuonyesha uchafu wa meno imeisha, basi nimenunua ya keki. Aibu itawafundisha.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeanza na Maame Kwansima, malkia wa wauza nyanya. Akikohoa tu, soko zima linanyamaza. Nikampaka, nikampa kioo. Alijitazama muda mrefu mno. Akauliza itatoka lini. Nikasema ukisugua tu, Maame.

Alipoondoka ndipo nikasoma kopo. Matone mawili kwa keki nzima. Mimi nilitia vijiko vinne!

Jumamosi, 8 Juni
Kumbe leo ilikuwa posa ya mpwa wake, na msemaji wa ukoo ni yeye! Araba alialikwa. Anasema Maame alipofungua kinywa kuwakaribisha wakwe, safu ya mbele ilirudi nyuma. Mzee mmoja akauliza, "Huyu mama amemla nani?" Kicheko kikafika barabarani. Wakwe wakabeba vinywaji vyao vya posa wakaondoka.

"Kaka Ebo," akaniambia Araba, "Maame anauliza unapokaa."

Nimesukuma kabati mlangoni.

Jumapili, 9 Juni
Sikwenda kanisani. Mungu ataelewa. Saa nne nikachungulia pazia: vilemba saba vinakuja, cha mbele ni chake! Nikajitupa chini ya kitanda. Mlango ukagongwa.

"Tabibu, toka! Nataka kukuonyesha meno."

Kukuonyesha meno! Vumbi likaniingia puani. Nikapiga chafya. Kisha minong'ono, kisha vicheko, kisha nyayo zikaenda zake. Nimebaki huko chini hadi jioni.

Jumatatu, 10 Juni
Mkaguzi amefika. Maame naye, benchi la mbele. Mkaguzi akamwita, akamulika tochi. Meno meupe! Fizi safi, bila hata tone la damu! Akauliza ni nani aliyemfundisha. Nikainua mkono.

"Shusha huo mkono," akasema Maame.

Akaeleza yote. Juzi jioni Araba alimfuata nyumbani na mswaki mpya. Wakasugua pamoja mbele ya kioo, taratibu, jino kwa jino, mpaka wekundu ukaisha. Maame akawaendea wakwe usiku uleule, akacheka nao, na posa ikakubaliwa. Jana alikuja kwangu kunionyesha meno yalivyosafishika, na sahani ya nyama ya sherehe mkononi.

"Nikasikia kitanda kinapiga chafya," akamwambia mkaguzi. "Nyama nikawapa majirani."

Hata mkaguzi alicheka. Sihamishwi. Nimeamriwa kukaa kando ya Araba mwezi mzima, nijifunze.

Jumanne, 11 Juni
Nimekaa kando yake kutwa nzima. Bibi mmoja alimaliza nusu saa akijifunza kusugua meno ya nyuma tu, akaondoka anaimba. Nimetazama kwa makini sana, na sasa naliona kosa langu. Rangi husuguliwa ikatoka. Hofu lazima iingie mahali pasipofikiwa na mswaki.

Jioni nimeelewana na mwenye vipaza sauti vya sokoni. Kesho alfajiri, kabla ya matangazo ya misiba, soko zima litaamshwa na mlio wa mashine ya kutobolea meno. Robo saa. Nimemwambia afungue sauti mpaka mwisho.