Ndege Yangu, Nyoka Wangu na Mwanyumba

Jumatatu, 6 Mei

Nimesema nitaleta ndege. Nimesema mbele ya kikao kizima, tena kwa kusimama, na sasa hakuna kurudi nyuma.

Ilikuwa hivi. Mwongozaji wa filamu alieleza kwamba tajiri wa kwenye hadithi yetu, mama mmoja mwenye roho ngumu, anatoroka kwa ndege yake binafsi. Kwa hiyo ndege inahitajika. Ndogo, ya kifahari, hata kama hairuki tena. Kabla sijafungua mdomo, Mwanyumba akanyoosha mkono. Akasema, kwa ile sauti yake ya upole inayoudhi, kwamba anaweza kuunda chumba cha ndege kwa plaiwudi, mle mle ghalani tunamopigia picha.

Mwanyumba! Kaoa mdogo wa mke wangu. Mimi ndiye niliyetangulia kuoa katika nyumba ile, nikahangaika, nikaulizwa maswali mpaka jasho likanitoka. Yeye kaja baadaye na randa na msumeno, akamtengenezea mama mkwe kabati la vyombo, basi. Mpaka leo kila mgeni anaonyeshwa kabati. Saa ya ukutani niliyopeleka mimi haonyeshwi mtu. Imesimama, ni kweli, lakini ni saa nzuri.

Ndipo nikasimama. Nikasema watazamaji wa siku hizi si wajinga, nitaleta ndege halisi. Mwongozaji akasema vizuri: ambaye ndege yake itafaa zaidi ndiye atakuwa mkuu wa vifaa wa filamu nzima, na mwenzake atakuwa msaidizi wake. Mimi, msaidizi wa Mwanyumba! Afadhali nikapige deki stendi.

Mke wangu kaniuliza ndege nitaitoa wapi. Nimemwambia aniachie mimi. Kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 8 Mei

Nimeipata! Nimeipata, jamani!

Nimepiga simu mpaka sikio likapata moto. Kampuni moja iliniuliza nasafiri lini na mizigo mingapi. Nyingine ilikata nilipotamka tu maneno ndege mbovu. Mwishowe fundi wa matairi wa mtaani kwetu akaniambia ipo iliyostaafu, imeegeshwa kwenye nyasi nyuma ya chuo cha urubani. Nikaenda mbio.

Nyeupe! Injini zilishatolewa na matairi yamelala, lakini ngazi ipo, madirisha ya duara yapo, na ndani kuna viti vya ngozi vinavyozunguka. Mwenyewe ni mama mmoja rubani mstaafu, pale wote humwita Kapteni. Aliirusha yeye miaka mingi, na ilipostaafishwa akaichukua. Sasa ndiyo sebule yake. Chai anainywea humo, mchana analala humo, na ukitaka kuingia unavua viatu chini ya ngazi.

Nikavua. Soksi ilikuwa na tundu, kidole gumba chote nje. Kapteni alikiona. Hata hivyo amekubali tupige picha zetu, mradi ndege yake iheshimiwe. Nimeapa. Nimerudi nyumbani naimba njia nzima.

Alhamisi, 9 Mei

Mwanyumba kapiga simu. Kanipongeza! Hivi mtu anayempongeza mshindani wake ana nia gani hasa? Halafu akasema, kaka, anaomba kuja kupima madirisha ya ndege yangu, ili ya kwake yafanane nayo angalau kidogo.

Mchezo wake nikaujua. Aje na futi yake, Kapteni amwone na soksi zake nzima, wapige soga, mara ndege imekuwa yake. Mama mkwe nilimpoteza hivyo hivyo.

Nikamwambia asije. Akauliza kwa nini. Mdomo ukafunguka wenyewe: nikamwambia mna nyoka. Akauliza kama ni mkubwa. Nikasema wee! Kalala kutoka kiti cha kwanza mpaka cha mwisho, mweusi tii. Akanishukuru kwa kumjali, sauti inamtetemeka.

Wakati mwingine najiogopa kwa akili nilizonazo.

Jumamosi, 11 Mei

Chakula cha mchana kwa mama mkwe. Naingia tu, wote wananitazama kama mtu aliyetoka hospitali. Shemeji, mke wa Mwanyumba, akaniuliza kama ni kweli huyo nyoka ana pembe. Pembe sikusema mimi! Mama mkwe akasema Mwanyumba halali kwa kunihofia, hawa ndio watoto, jamani. Akampakulia yeye kwanza. Pale pale mbele ya kabati.

Kumbe bwana huyu hakuishia kwa ndugu. Kwa kuhofia usalama wa watu kaenda kumweleza na Mwongozaji! Mwongozaji akanipigia bado natafuna. Nilikuwa na njia mbili: nikiri kwamba nilidanganya, au nishikilie kwamba nyoka yupo. Nikachagua ya tatu. Nikasema alikuwepo, ila kahama. Akauliza kahamia wapi. Nikasema hakuaga.

Jumatatu, 13 Mei

Siku mbaya. Naandika haraka nikalale.

Malkia, ndivyo tunavyomwita mwigizaji wetu anayecheza tajiri, kasema haingii katika ndege yenye nyoka, wala iliyowahi kuwa na nyoka, wala iliyoegeshwa mahali nyoka alipopita. Mwanyumba, eti ili kunisaidia, katafuta mkamata nyoka. Tukaongozana wote na Mwongozaji mpaka kwa Kapteni. Mkamata nyoka akavua viatu, akaingia na fimbo yake yenye kulabu, akainua mito, akachungulia chooni. Akatoka, akasema hajamwona. Mwongozaji akauliza, basi hayupo? Yule bwana akajibu kwamba yeye kasema hajamwona, asilishwe maneno mengine.

Kapteni mikono kiunoni. Akataka kumjua huyo mwenye adabu njema aliyesema mna nyoka katika ndege ambayo yeye analala humo kila siku. Mimi nikatazama mawingu. Hapo Mwanyumba akasogea mbele. Akasema ni yeye, mama, alisikia vibaya akakuza maneno, amsamehe sana.

Alinikinga! Bila kuombwa! Ningemshukuru, lakini Kapteni alilainika papo hapo. Akasema vijana wanaokubali kosa hawapatikani siku hizi, akamkaribisha chai. Ndani. Kwenye kiti kinachozunguka. Nilimwona kupitia dirishani anazunguka, kikombe mkononi. Madirisha yote kapima. Mimi nilibaki kwenye nyasi na mkamata nyoka, akawa ananidadisi kama nyoka nilimwona kwa macho yangu au nilisimuliwa tu. Roho iliniuma mpaka chakula cha jioni kikanishinda. Si wivu huu. Ni uchungu wa mwenye mali.

Alhamisi, 16 Mei

Nimekwisha.

Chumba cha plaiwudi kimekamilika na matukio yote ya ndani yamepigwa humo. Nilikwenda ghalani kwa nia moja tu, kukicheka. Kuta zinabanduka moja moja, kamera inaingia popote inapotaka. Kwenye ndege yangu mpiga picha, pandikizi la mtu, angekwama mlangoni tukamtoa kwa kamba. Nilitafuta kasoro asubuhi nzima. Nikapata msumari mmoja uliochomoza, nikamwonyesha kila mtu.

Ndege yangu ikaachiwa picha moja, ya nje: tajiri anaonekana dirishani kwa mbali. Hata hiyo Malkia akakataa. Mwongozaji akasema basi aingie yule mwenye uhakika kwamba nyoka kahama. Wote wakanigeukia. Nikavishwa wigi, hereni na miwani ya jua, nikakaa dirishani jua linachoma, shingo nimeinua kitajiri. Mara kitu laini kikanipitia mguuni. Nilipiga ukelele, ngazi sikuiona, nikajikuta kwenye nyasi, wigi limebaki ndani. Alikuwa paka wa Kapteni.

Watu walipomaliza kucheka, Mwongozaji akatangaza kwamba mkuu wa vifaa ni Mwanyumba. Makofi! Na mimi nikapiga, kwa vidole viwili. Mwanyumba akanishika bega, akaniambia nisije nikamwita bosi, sisi ni ndugu. Nilikuwa nimepanga kumnunia mwezi mzima, na hilo nalo kaniharibia.

Jumamosi, 18 Mei

Mke wangu kanikalisha chini. Kasema Mwanyumba kamwomba Mwongozaji tugawane ukuu wa vifaa, na imekubaliwa. Jina langu litaandikwa sambamba na la kwake. Kasema mtu mwenye haya angekwenda kumweleza mwenzake ukweli wa yule nyoka, yakaisha. Nimefikiri sana. Nimeona ana haki kabisa. Nikavaa shati safi nikaenda.

Nikamkuta anapiga randa. Nikavuta pumzi. Neno la kwanza likiwa mdomoni, akaniwahi: Mwongozaji sasa anataka helikopta, na Kapteni kamtajia rafiki yake mwenye helikopta chakavu nje ya mji. Kaka, akasema, kesho twende pamoja.

Kapteni kamtajia yeye! Ndege nimeivumbua mimi, helikopta anatajiwa yeye!

Nikamwambia hiyo naijua, asihangaike kabisa, imejaa nyuki. Nyoka lilikuwa kosa, nakiri. Nyoka mtu anaweza kumkamata. Nyuki nani atawagusa?

Mwanyumba kaangusha randa kwa furaha. Kumbe kakulia kwenye mizinga, marehemu baba yake alikuwa mfuga nyuki. Tangu mzee azikwe hajawashika, na hamu anayo siku zote. Machozi yakamlengalenga. Atanipitia kesho asubuhi, na kofia ya wavu, bomba la moshi na mzinga mtupu, tuwahamishe wasidhurike. Mama mkwe kapigiwa simu pale pale. Kaagiza asali, na mtungi wake umeshatolewa kabatini.

Nimerudi nyumbani mbio. Simu nimepiga mpaka chaji imekwisha. Hivi nyuki wanauzwa wapi, na nani hufungua Jumapili?