Posa ya Mac

Habari ilifika kijiweni kwa Salmin kabla buli la kahawa halijashuka jikoni: Jembe toleo la pili linatoka leo jioni. Aliyeileta ni mwenye Jembe mwenyewe, Khaemba, ambaye kijiwe kilimwita Injinia kwa sababu aliwahi kufufua redio ya Salmin, na tangu hapo hakuna aliyedai ushahidi mwingine.

Jembe ni nini? Pale Bondeni, Nakuru, swali hilo lilichukua mwaka mzima kueleweka, na wengine walielewa vibaya. Ni programu ya kuandikia programu. Fundi wa kompyuta anataka mahali pa kuandika amri zake, pamepangika, penye rangi za kumwonyesha alipokosea, na mahali hapo ndilo Jembe. Khaemba alilitengeneza kwenye cyber, duka la intaneti alikofanya kazi, akaliweka mtandaoni kila mtu ajichukulie bure. Hilo la bure kijiwe kilikuwa bado hakijamsamehe.

"Na hii mpya iko na nini?" akauliza Kahiga, muuza spea za baiskeli. Kwa kuwa hakuweza kutoa hoja akiwa ameketi, aliitwa Bunge.

"Sasa inafanya kazi sawasawa kwa Windows, kwa Linux na kwa Mac. Jembe ni moja, mashine ni aina tatu."

Bunge akasimama. "Hapo umetudanganya. Serikali ya nusu mkate, hii ya mseto, iko na pande mbili tu na bado wanasukumana mlangoni. Wewe umekalisha watatu?"

"Hawakai pamoja. Kila mtu ako kwake, Jembe ndio inawatembelea."

"Kama muuza maziwa," akasema Salmin, akimimina.

"Kama muuza maziwa," Khaemba akakubali. Mfano ule ulikuwa bora kuliko wake.

Mwisho wa benchi aliketi Mzee Kipsang. Huyu alistaafu kwenye mitambo ya umeme wa mvuke kule Olkaria, akaitwa Mzee Mvuke, na mpaka leo stima ikipotea mjini watu humtazama yeye kwanza. Mwanzoni mwa mwaka ule, nchi ilipowaka baada ya kura, yeye na Bunge walikuwa kila mmoja kwa watu wake, na benchi la Salmin lilikaa tupu. Waliporudi hakuna aliyemuuliza mwenzake alikuwa wapi. Walianza tu kubishana upya, na Salmin aliposikia ule ubishi alitokwa na machozi, akasingizia moshi wa makaa.

"Hiyo Mac," akasema Mzee Mvuke, "umeionea wapi?"

Khaemba akajifanya anapuliza kahawa. Ukweli ni kwamba alikuwa hajawahi kuigusa Mac maishani. Sehemu ile aliiandika kwa kusoma maelezo ya watu, kama fundi anayemshonea suti mteja aliyemsikia kwenye simu. Na toleo la kwanza lilipotoka, mtu mmoja wa Finland alimwandikia kwamba kwenye Mac yake Jembe hujifunga lenyewe akifungua faili, akamalizia kwa kuuliza: je, umewahi kulijaribu? Swali hilo lilimkwama Khaemba kama mwiba wa samaki, hata hakulijibu. Safari hii alitaka akiandika "linafanya kazi" awe anajua.

Ikabidi awaambie. Katika Nakuru nzima aliijua Mac moja tu, ya Tanveer wa studio ya video za harusi. Ilikaa dirishani juu ya kitambaa cha kufuma, nyeupe pe, na kwa ajili yake Tanveer alitoza kuliko studio zote za mji. Khaemba alikuwa amekwenda kuiomba Jumatatu, akaambiwa mashine ile haishikwi na mtu wa nje.

"Ulienda na nani?" akauliza Mzee Mvuke.

"Peke yangu."

Mzee akaweka kikombe chini. "Kijana, wewe umeona mtu akienda kuposa peke yake? Mambo kama hayo watu hutuma wazee."

Bunge alikuwa tayari anafunga vifungo vya koti. Walibishana kidogo nani awe msemaji, mpaka Salmin akaamua kwamba Mzee atasema na Bunge atatikisa kichwa kukubali. Wakapitia dukani, wakachukua sukari na majani ya chai, kwa maana mkono mtupu haulambwi, wakashika njia, Khaemba akiwafuata.

Tanveer alikuwa anafuta kamera alipoona msafara unaingia. Shida ni kwamba mtu huyu alikuwa amerekodi posa za kila kabila la bonde lile, na maneno yake aliyajua kuliko waliokuja kuyasema. Alipoiona tu sukari, akashusha pumzi.

"Tumekuwa tukipita hapa," Mzee Mvuke akaanza, "tukaona kwa dirisha yenu kuna msichana mweupe. Kijana wetu usiku halali."

Tanveer hakuhitaji kufikiri. "Msichana bado anasoma, mzee."

"Anasoma nini?" Kichwa cha Bunge kilichoka kutikiswa. "Kutoka niijue hii barabara ako tu hapo dirishani. Hata tuition hajaenda."

"Na sai ako na kazi. Harusi ya Ritu yote iko ndani yake. Kijana wenu akiniharibia?"

"Hatujasema aolewe leo," akasema Mzee kwa upole. "Waonane tu, na wewe mwenyewe ukiwa hapo."

Ombi kama hilo halikataliwi, na Tanveer alijua, kwa kuwa alishawaona wazazi wengi wakishindwa kulikataa. Akainyanyua mashine kwa mkono mmoja, akamwashiria Khaemba amfuate nyuma ya pazia. Khaemba akashangaa jinsi ilivyonyanyuka, kama kikapu kisicho na kitu.

Nyuma ya pazia kulikuwa na kompyuta kuukuu ya Windows inayounguruma, na kwenye kioo chake bibi harusi Ritu anakata keki. Tanveer aliigeuza Mac. Mgongoni ilikuwa wazi, na ndani hamkuwa na hata waya.

"Nilinunua ganda Nairobi," akasema polepole. "Kazi yote nafanya na hii Windows mzee. Babake Ritu amelipia Mac. Watu wakijua, mimi nimeisha. Nisitiri, bana."

Hasira zilimpanda Khaemba. Kisha akaona yule bwana analiziba lile tundu la mgongoni kwa kiganja, na akakumbuka kwamba yeye pia alikuwa ametembeza jina la Mac mwaka mzima bila kitu ndani. Akaitikia kwa kichwa, hatasema.

Walipotoka, Tanveer alimtangulia kwa neno. "Imefungua vizuri sana," akawaambia wazee. "Jembe inalima."

Bunge akamkumbatia Tanveer na sukari yake, na kabla Khaemba hajapata la kusema walikuwa wote kijiweni, Tanveer katikati kama bwana harusi, Salmin anagawa kashata. Bunge alisimama juu ya benchi akiwatangazia hata wapita njia wasiokuwa na kompyuta. Akamtaka Injinia aandike tangazo hapo hapo, mashine zote tatu.

"Mac nitaandika haijajaribiwa," akasema Khaemba.

"Haijajaribiwa aje, na mwenye mashine ndio huyu?" Bunge akashuka. "Matokeo hutangazwa, Injinia. Ukianza kuhesabu upya utatuletea shida. Si tumetoka huko juzi tu?"

Benchi zima likatazama vikombe.

"Sasa huko nyuma mlikuwa mnafanya nini?" akauliza Mzee Mvuke.

Tanveer alikuwa ameshika kashata, hatafuni. Khaemba alimwangalia, na moyo ukamuuma. Akisema alichokiona, mtu huyu kesho hana kazi. Asiposema, itabidi akamdanganye tena yule wa Finland.

"Nilishindwa kuiwasha," akasema. "Nilitafuta swichi nikaikosa. Tanveer alinionea tu huruma."

Kijiwe kikapasuka kwa kicheko. Salmin alishika mbavu, Bunge akaketi mwenyewe bila kuambiwa. Mzee Mvuke alisema posa imepokelewa vizuri na bwana harusi ndiye hakuujua mlango. Uinjinia ukafutwa palepale, na kuanzia hapo Khaemba akawa Swichi.

Aliyecheka kupita wote ni Tanveer. Alicheka mpaka akajifuta macho, kisha akamwekea Khaemba mkono begani.

"Msimcheke sana. Kesho akuje, nitamfundisha kuwasha. Bure."

Kijiwe kikasifu roho ile. "Unaona mtu?" akasema Mzee Mvuke. "Mshukuru, Swichi."

"Asante," akasema Khaemba. Akamaliza kahawa, akainuka kwenda cyber kuliachilia Jembe na kuandika mstari wake wa Mac vile alivyosema: haijajaribiwa. Nyuma yake Bunge alikuwa amesimama tena, anamweleza Tanveer kwamba binti yake anaolewa Disemba, bei si shida, lakini hataki kusikia eti video imetengenezwa na mashine nyingine.