Kurasa Nilizozishona

Kwako Mchungaji,

Salamu katika Bwana. Anayekuandikia ni mwenyekiti wa Kamati ya Usomaji Safi wa Watoto, yule yule aliyekushonea joho ulilosimikiwa nalo. Nasikia umependekeza niondolewe kwenye kamati. Sina kinyongo. Naandika kwa upole, ila ujue naandika nikiwa nimesimama. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkeo, kwa moyo wake mzuri, ameleta kabati la vitabu kwenye chumba cha Shule ya Jumapili. Nilifungua cha kwanza nikakuta joka linapiga pasi kwa pumzi yake. Mwaka wa thelathini huu napiga pasi, Mchungaji. Joka haliwezi kunyoosha kola. Watoto wanasoma mambo ambayo hayajawahi kutokea, tena wanacheka.

2. Wanaosema nilichoma vitabu wananisingizia. Nilishona tu zile kurasa zenye uongo, kwa cherehani, na sindano ya jinzi. Watoto wakagundua kwamba penye uzi ndipo penye utamu. Sasa hata waliokuwa wanakimbia vitabu wanapanga foleni kabatini, kila mmoja na kiwembe chake. Hilo usinibebeshe mimi.

3. Mjukuu wangu wa miaka tisa, tunayemwita Kidole kwa sababu hasomi bila kufuata mstari kwa kidole, aliniletea kitabu cha picha mnachowasomea watoto ibadani. Akaniuliza kwa adabu zote: "Bibi, na huyu punda anayemsemesha nabii, naye tumshone?" Nilifikiri siku mbili. Haki ni haki. Nikamshona punda. Baada yake nyoka wa bustanini, shoka lililoelea, na yule bwana wa tumboni mwa samaki. Ndiyo maana Jumapili ulipofungua somo ulikutana na uzi. Nilikubakizia orodha ya majina ya ukoo, ambayo haina neno baya hata moja.

4. Hadithi za sungura ninazowasimulia wajukuu zangu hazihusiki hapa. Zile si za kubuni. Nilizipata kwa bibi yangu, na bibi yangu hakuwa mtu wa uongo.

5. Hili ndilo linaloniuma. Tangu nimshone punda, Kidole haji kwangu. Alikuwa akitoka shule anakaa chini ya meza yangu ya kukatia, ananisomea kwa sauti huku mimi nakunja pindo za suruali. Siku hizi anapita upande wa pili wa barabara akitazama mbele. Nyumba imepoa, nasikia cherehani peke yake. Haya ndiyo matunda ya vitabu vya majoka: vinawatenga watoto na bibi zao.

Kwa hiyo naomba kabati lipigwe kufuli na ufunguo nikae nao mimi. Pia usomwe waraka katika sharika zote kwamba mtoto akiota jambo lisilowezekana, asilisimulie kabla ndoto haijapita kwenye kamati.

Nisalimie mkeo, wazee wa kanisa, na wanakwaya wote isipokuwa yule wa sauti ya nne ambaye hajaja kujaribisha koti lake.

Ni mimi, nikiwa bado mwenyekiti,
Bibi Fundi

Nyongeza. Nilikuwa natafuta bahasha, Kidole akaingia. Akaniwekea daftari juu ya kitambaa nilichokuwa nakata, akarudi nyuma hadi mlangoni. Ameandika kitabu. Kuna bibi anayepaa na cherehani yake kwenda kushona mbingu iliyochanika, maana mvua inawamwagikia watu vitandani. Hakuna hata ukurasa mmoja wa kweli. Nimekisoma mara tatu, mara ya tatu miwani ikanisumbua. Aliniuliza kama ni kizuri, nikamwambia ni kizuri sana, na sasa yuko chini ya meza anaandika cha pili. Hiki cha kwanza nakutumia pamoja na barua. Kiweke kwenye kabati, Mchungaji, rafu ya chini kabisa, wale wadogo wakifikie.