Mshale wa Kwenda Kinuni

Jumatatu, 3 Juni

Vita vimeanza. Sikuvianzisha mimi, iandikwe hivyo.

Asubuhi amekuja afisa utalii, mwanamama mrefu mwenye raba nyekundu na saa ya mkononi inayolia kila baada ya dakika mbili. Amesema ofisi yao inachora ramani ya njia za kukimbia katika bonde letu. Watu wa mjini watakuja wakimbie kando ya mto, wavute hewa, watazame vilima, kisha wapumzike penye jengo la kihistoria. Jengo moja tu! Ama kinu changu cha maji, ama daraja la mawe na kile kibanda chake cha walinzi wa zamani, anavyovitunza shemeji. Litakalokosa nafasi litafungwa, na ufunguo utarudishwa ofisini.

Urudishwe? Thubutu! Ufunguo huu nilikabidhiwa na marehemu baba mkwe kwa mkono wake mwenyewe, miaka kumi na tisa iliyopita, mbele ya mwanawe wa kumzaa, ambaye ndiye huyo shemeji. Yeye akapewa daraja. Tangu siku ile ananisalimia kwa tabasamu la upole. Nalijua tabasamu lile. Ni la mtu anayepanga jambo.

Jumamosi watakuja wakimbiaji ishirini wa majaribio. Wakifika geti la malisho ya mfugaji jirani yetu, kila mmoja atachagua: akate kushoto afuate ua hadi kinuni, au apite getini anyooshe hadi darajani. Kitabu cha wageni chenye sahihi nyingi ndicho kitashinda.

Afisa ameniuliza kama kinu bado kinasaga. Nimemwambia kimestaafu. Akauliza gurudumu limekwama tangu lini. Nimemjibu kwamba halijakwama, limetulia. Ameandika kitu. Sijapenda alivyokiandika.

Jumanne, 4 Juni

Nimeipima njia yangu mwenyewe, kwa miguu yangu mwenyewe. Nimevaa kaptula ya zamani, nikafunga kitambaa kichwani, nikaondoka mbio huku mke wangu akitazama. Bonde lote lilinipokea! Mto unang'aa, matete yanainama, ndege wanapiga kelele.

Nimekimbia mita mia mbili hivi. Zilizobaki nimezikadiria nikiwa nimelala chali.

Nimerudi juu ya mkokoteni wa muuza kuni. Mke wangu akauliza mbona muuza kuni naye hakuvaa kaptula. Kiongozi hajibu kila kitu.

Hata hivyo nimegundua udhaifu. Kutoka getini hadi kinuni hakuna kitu cha kihistoria hata kimoja. Upande wa shemeji kuna magofu, kuna kisima cha zamani, kuna kaburi la mtu asiyejulikana. Upendeleo mtupu! Waliotangulia hawakunifikiria hata kidogo.

Jumatano, 5 Juni

Historia nimeitengeneza mwenyewe.

Kando ya mto, kwenye njia yangu, kuna jiwe kubwa bapa. Asubuhi nimeliandika kwa rangi nyekundu, herufi za kiungwana: JEMADARI ALIPUMZIKA HAPA. Jemadari gani? Hilo ni swali la watafiti. Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Nilisahau jambo moja. Jiwe lile ndilo mke wangu analofulia. Analo tangu tuoane.

Saa nane amerudi na beseni kichwani na uso uliokunjamana. Alikuwa ametandaza shuka letu jeupe juu ya jiwe bila kutazama. Rangi ilikuwa haijakauka. Amelifunua shuka mbele yangu pale uani, majirani wakiona: jemadari mzima amehamia kwenye shuka, kinyumenyume, na jiwe limebaki na madoa tu. Nikasema angalau rangi ni nzuri, haitoki. Kosa kubwa.

Ameapa hafui tena shuka lile, na mimi ndiye nitakayelilalia mpaka lichakae.

Nitalilalia! Na nitalala usingizi mzuri!

Alhamisi, 6 Juni

Akili imefunguka. Historia ya nini? Mtu aliyekimbia kilomita tano hachagui njia, anafuata mshale.

Nimekwenda kwa mfugaji nikamwomba anikopeshe uso wa geti lake. Geti ni la mbao, pana, limeziba njia ya darajani. Nimelichora mshale mwekundu mkubwa unaoelekeza kushoto, kinuni. Kazi safi. Hata kipofu angeugusa akajua pa kwenda.

Mfugaji amekubali kuwazuia ng'ombe malishoni hadi Jumamosi adhuhuri na kuliacha geti limefungwa. Mkimbiaji akifika atakuta njia imezibwa na mshale unamwita. Akitaka daraja, ahangaike na komeo! Mfugaji akaanza kuniuliza, na je, geti likiwa wazi, huo mshale… Nikamkatiza. Nikamwambia yeye ashughulike na mikia, vichwa aniachie mimi.

Ijumaa, 7 Juni

Shemeji amefanya uchokozi wa wazi. Ameweka benchi darajani! Benchi jipya, la mbao nzito, lenye mgongo wa kuegemea, kivulini kabisa. Yeye ni fundi seremala, kwake benchi ni kazi ya asubuhi moja. Mkimbiaji gani mwenye magoti atalipita benchi lile?

Kisha jioni akaja kwangu na tabasamu lake. Akasema, shemeji, mbao zimebaki, nikutengenezee na wewe moja? Nikamwambia ahsante, wageni wangu ni watu wa kusimama.

Akasema tena, kwa mara ya kumi sasa, kwamba angependa aitazame ekseli ya gurudumu, huenda ni kitu kidogo tu kimeoza. Aingie kinuni na nyundo! Amesubiri miaka kumi na tisa apate kisingizio hicho. Nimemwambia gurudumu halipokei wageni.

Alipoondoka mke wangu amenisema. Kwamba kaka yake hana neno na mtu. Kwamba kinu kile kilikuwa cha baba yake yeye pia, na anatamani alisikie gurudumu likizunguka kama alipokuwa mtoto. Machozi yalimlengalenga. Lakini msimamo ni msimamo.

Jumamosi, 8 Juni

Naandika kwa ufupi.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua likichomoza, nimepita getini nikaenda darajani. Shemeji hakuwapo. Nimelichukua benchi. Si wizi, ni kusawazisha mambo. Zito! Nimelibeba kichwani, mikono yote miwili juu, shingo ikiniingia kifuani, nikalipitisha getini na kulifikisha kinuni. Nikaliweka kivulini, nikaketi, nikafungua kitabu cha wageni ukurasa safi. Kalamu mbili, moja ya akiba.

Saa mbili. Kimya.

Saa tatu. Vishindo vya miguu! Nimesimama, nimerekebisha kola, nimetabasamu. Wageni wangu wa kwanza wametokea kwenye kona. Ng'ombe kumi na mmoja. Wa mbele amenusa kitabu, akala ukurasa.

Nikajiuliza ng'ombe wametokaje malishoni. Wakati huohuo nikasikia upande wa mto vigelegele na makofi. Darajani.

Saa nne afisa akaja peke yake, akifuata ramani yake. Akanisifu. Akasema sikutegemea uungwana wa namna hii kutoka kwako, mshale wako umewapeleka wote ishirini darajani bila kupotea hata mmoja.

Nimekimbia hadi getini. Nimekimbia kweli, mita zote. Geti lilikuwa wazi. Nililipita na benchi kichwani na mikono haikuwa na nafasi ya kulifunga. Na geti likiwa wazi, mshale ule hauelekezi kushoto. Unaelekeza mbele, darajani, vizuri kabisa.

Mfugaji alikuwa kando anakusanya ng'ombe. Akasema yeye bado anashughulika na mikia. Ningependa angenyamaza.

Jumapili, 9 Juni

Hukumu imesomwa kinuni, tukiwa wanne: afisa, shemeji, mke wangu na mimi. Daraja sahihi ishirini. Kinu sahihi moja, ya afisa mwenyewe, aliyeiweka kwa huruma kwenye kipande cha ukurasa kilichosalia.

Akanyoosha kiganja. Nikautoa ufunguo shingoni. Umeacha alama kwenye ngozi kwa miaka yote hii. Nikauweka mkononi mwake na nikaumia, sitaficha. Mimi bila ufunguo ule ni mzee wa kawaida mwenye shuka baya.

Shemeji akasema subiri. Akasema baba yao alinipa mimi ufunguo kwa sababu ndimi pekee niliyekipenda kinu hata kilipokuwa hakifai kitu. Akasema apewe wiki mbili alitengeneze gurudumu. Likizunguka, ofisi iweke vyote viwili kwenye ramani, maana mtu anayekimbia bonde zima anastahili kuona daraja na kinu pia. Afisa akafikiri, saa yake ikalia, akakubali: majaribio ya pili, Jumapili tarehe ishirini na tatu. Akanirudishia ufunguo.

Mke wangu amemkumbatia kaka yake. Mimi machozi yalinitoka kidogo kwa sababu ya vumbi la unga. Mke wangu amesema kinu hakijasaga miaka kumi na tisa. Vumbi hukaa.

Kisha shemeji akaketi kwenye benchi lake, akalipigapiga, akasema limependeza hapa, libaki tu, atatengeneza jingine. Alijua! Na bado akatabasamu. Mtu huyu ni hatari kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 22 Juni

Kesho ndiyo kesho. Gurudumu limekamilika. Ekseli mpya, mbao mpya, grisi mpya. Bado halijasogea, kwa sababu maji yatafunguliwa kesho asubuhi, mkimbiaji wa kwanza atakapoonekana. Shemeji amenieleza kirefu kuhusu mfereji na mwendo wa gurudumu. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nawaza.

Nawaza hivi: wakimbiaji wakifika, watajuaje mlango uko wapi? Mlango uko kulia kwa gurudumu. Kushoto kuna dimbwi, refu kwenda chini, na tope lake halina adabu. Mtu akiwa na jasho machoni anaweza kukosea. Panahitajika mshale.

Wapo watakaosema, mshale tena? Hao hawanijui. Mimi ni mtu wa kujifunza. Kosa la mara ile halikuwa mshale, lilikuwa geti. Geti lina bawaba, linafunguka na kufungwa, halina msimamo. Safari hii nimetafuta kitu kikubwa, kinachoonekana kutoka ng'ambo, kisicho na bawaba hata moja, ambacho kwa miaka yangu yote kumi na tisa hapa sijakiona kikisogea hata kidole.

Rangi ilibaki nusu kopo. Nimechora juu ya gurudumu mshale wa mita moja na nusu unaoelekea mlangoni, na chini yake: INGIA HAPA. Unapendeza mno.

Shemeji alikuwa juu ya ngazi. Akautazama mshale, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nikamwambia mapema kwamba sitaki ushauri, wivu nimeshauzoea. Akashuka taratibu, akashika nguzo, akacheka mpaka akaketi chini. Mke wangu naye akaja, akaona, akaketi kando yake.

Wacheke tu. Kesho maji yakifunguliwa, wakimbiaji wote ishirini watafuata mshale wangu.