Hotuba ya Mheshimiwa Mkurugenzi Siku ya Kuonyesha Filamu ya Bwana Chali

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, Mheshimiwa Naibu Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi, waheshimiwa mliokalia viti vyenye mito, waheshimiwa mliosimama, mabibi na mabwana, na wewe fundi wa maiki, ambaye nakuomba uache kunipigia hiyo miluzi: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, ijizingatie yenyewe. (Makofi.)

Leo ni siku ya kihistoria, kwa kuwa mimi, kama Mkurugenzi wa Sanaa, Burudani na Masuala Yanayofanana na Hayo, nilikuwa na vijon, yaani niliona mbali, nilipomwona kwenye runinga ndugu yetu huyu mnayemwita Chali, ambaye kwa miaka kumi na moja, kila Jumatano, aliingia mlangoni, akakanyaga sabuni, akaanguka, na watu wakashika mbavu. (Kicheko.) Utafiti wetu umebaini ameanguka mara mia tano sabini na mbili, ambazo ukizipanga ni karibu kilomita nzima kwenda chini, nami nikajiuliza: mtu mwenye uzoefu huu, kwa nini asiongoze filamu? (Makofi. Mtu anakohoa.)

Miaka mitatu iliyopita alikuja ofisini kwangu na mswada kwapani, akaniambia, "Mheshimiwa, mama yangu hajawahi kutazama hata kipindi changu kimoja. Anasema hakunizaa nije kuangukaanguka mbele za watu. Nataka anione naongoza, hata filamu moja tu." Iliniuma sana. Nikamwambia, "Mwanangu, kashone suti."

Tangu hapo hatukulala. Tulifanya upembuzi yakinifu, semina elekezi tatu, warsha ya kutathmini semina, na ziara ya mafunzo, tuliyoiongoza mimi, mke wangu na shemeji yangu, kujifunza jinsi wenzetu wanavyokaa kwenye majumba ya sinema. Nembo ipo. Fulana mmezivaa. Zulia jekundu mmelikanyaga, wengine kwa viatu ambavyo sitavitaja. Kwa ujumla mradi umekamilika kwa asilimia tisini na saba! (Makofi. Sauti ya mama mmoja safu ya mbele: "Na filamu iko wapi?")

Swali zuri. Kwa msiomfahamu, huyu ndiye mama mzazi wa Chali, amefika hapa tangu asubuhi ili asikose kiti. Mama, ile asilimia tatu iliyobaki ndiyo filamu. (Minong'ono.) Haijapigwa kwa sababu za kitaalamu tu: kamera haikuwemo kwenye fremuweki, yaani kwenye mpango wetu. Lakini msinune! Chali, panda jukwaani, mwanangu, utuangukie mara moja, watu wasirudi mikono mitupu. (Mama: "Mwanangu leo haanguki!" Makofi marefu kuliko yote.)

Sawa, sawa. Mimi ni kiongozi msikivu. Basi nitaanguka mimi, kwa niaba yake. Sabuni iletwe! (Vigelegele. Sabuni inawekwa sakafuni, mheshimiwa anaingia akiitazama. Chali anapanda jukwaani.) Unasemaje? Anasema nisitazame chini. Anasema nivue koti. Anasema nimeingia kama mtu anayejua kuna sabuni, nirudi mlangoni nianze upya. Chali, unajua unaongea na nani? ... Haya, narudi. (Chali anainua mkono: "Kimya ukumbini! Twende!" Mheshimiwa anaingia, anakanyaga sabuni, miguu inatangulia. Watu wanalia kwa kicheko. Chali: "Tena, mheshimiwa. Hiyo umeigiza." Mama amesimama, anawaambia waliokaa karibu naye, "Huyo anayeamrisha ni wangu.")

Ndugu zangu, baada ya kuanguka mara ya sita, na nikiwa hapa hapa sakafuni, nawashukuru nyote kwa kuja kutazama filamu ambayo haikuwahi kuwepo. Sanaa juu! Wasanii juu! Na mimi pia, tafadhali, mtu anipe mkono.

(Mama: "Asiinuke mpaka mwanangu aseme!")