Kisima cha Mafuta cha Kuluba

Jumatatu, 10 Februari 2025
Mke wangu Hawah ameteka maji asubuhi, yananuka kama taa ya chemli. Juu ya ndoo, rangi za upinde wa mvua. Karibu alie: kisima alikichimba marehemu baba yake. Mimi nimetabasamu. Mafuta! Kwetu hapa Kuluba. Nimeyaengua, nimejaza jerikeni. Nikamwarifu jirani Latifu, anayeuza dizeli kwa chupa barabarani, kwamba biashara yake imekwisha. Alisema Mungu anisaidie. Wivu.

Jumanne, 11 Februari
Nusu jerikeni. Mafuta nayo hupumzika.

Jumatano, 12 Februari
Kikombe. Nimempigia Norah wa Arua, binti wa kaka yangu, aliyesomea mambo ya mafuta. Amesema ng'ambo kuna visima kwenye miamba ya tope: mwanzoni hutoa kwa fujo, kisha hushuka haraka. Huko hupasua mwamba kwa maji na mchanga vinavyosukumwa kwa nguvu. Akaanza kusema "lakini", mtandao ukakatika. Nimeelewa ya kutosha.

Ijumaa, 14 Februari
Nimeazima mashine ya kuoshea pikipiki. Maji, mchanga, nguvu. Ukuta wa kisima upande wa Latifu umeporomoka, na nyuma yake pipa, limetobolewa na kutu. Latifu amekuja mbio. Alilizika kando ya ua, kuwaficha wezi dizeli yake.
"Swadiki, kumbe wewe iko mwizi?"
Hawah alimjibu kabla yangu. "Huyu hapana mwizi. Mwizi iko na akili."

Jumamosi, 15 Februari
Tumeshinda shimoni, mimi na Latifu, tukitoa matope. Hawah amepita na jerikeni kichwani, ametoka kisima cha pampu kule mbali, shingo imekakamaa. Hapo niliona aibu kweli. Norah amefika kwa boda, akamalizia ile "lakini" yake: hata kisima kibovu hakikauki ndani ya siku tatu. Kinachokauka hivyo ni chombo.

Jumapili, 16 Februari
Maji bado yananuka. Hawah amekwenda kwa dada yake Koboko mjini, hadi yatakate. Nyumba kimya. Nimefikiri sana, na kosa nimeliona: pipa lilikuwa dogo. Nimekwenda kumshauri Latifu azike kubwa zaidi. Amefunga mlango. Nitarudi kesho, akishatulia.